Rangi Juu ya Ufa

Alexander Kielland alikuwa mwandishi. Alizaliwa Stavanger, Norway, mwaka 1849, akaandika riwaya na hadithi fupi zilizowachoma wakubwa na wachungaji wa nchi yake, akafariki 1906. Miaka mingi baadaye, Norway ilipokuwa imeanza kuchimba mafuta baharini, jina lake lilibandikwa kwenye jukwaa kubwa la chuma lenye miguu mitano. Jioni ya Machi 27, 1980, jukwaa hilo lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini. Lilikuwa na watu 212. Waliokufa ni 123.

Kilichowaua kilianzia kwenye mshono mmoja wa weldi wa milimita 6. Haufiki unene wa penseli. Na wala haukuwa umebeba kitu kizito. Ulishikilia kifaa kidogo cha kusikiliza sauti chini ya maji.

Hii ni historia ya jinsi watu walivyojifunza, kwa bei ghali, kwamba umbo la mshono lina maana sawa na nguvu yake. Na inatuhusu. Kila wiki, kuanzia machimbo ya mawe kule Mlolongo hadi karakana za Industrial Area, kuna mkono wa ekskaveta uliopasuka, na kuna fundi anaambiwa maneno yaleyale: "Fundi, piga weldi nono, kesho irudi kazi."

Swali ni hilo basi. Unene ni nguvu?

Chuma nacho huchoka

Mei 8, 1842, treni iliyojaa watu ilikuwa inarudi Paris kutoka Versailles, ambako kulikuwa na sherehe za mfalme. Ekseli ya injini ya mbele ikakatika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa nje kama ilivyokuwa desturi, abiria wengi hawakupata pa kutokea. Walikufa watu zaidi ya 50.

Watu walishangaa. Ekseli ile haikuzidishiwa mzigo siku hiyo. Ilibeba mzigo uleule iliokuwa imebeba jana na juzi. Sasa iweje ikatike leo?

Mwaka 1843 mhandisi kijana kutoka Scotland, William Rankine, aliandika kuhusu ekseli zilizovunjika. Aliona kwamba hazikatiki ghafla tu. Ufa huanza mdogo na kuingia ndani polepole, safari baada ya safari, hadi chuma kilichobaki katikati hakitoshi tena. Tena alitaja mahali ufa unapoanzia: pale ekseli nene inapokutana na sehemu nyembamba kwa kona kali. Dawa yake ilikuwa rahisi. Usiache kona kali. Lainisha, pitisha mviringo, ili unene ubadilike taratibu.

Kumbuka hilo la kona kali, maana hadithi yote iliyobaki ni hilo tu, likirudiwa na watu waliolisahau.

Mwaka 1913 Charles Inglis wa Cambridge alilipa jambo hilo hesabu. Chukua bamba la chuma, livute. Ukitoboa tundu la mviringo katikati, ukingoni mwa tundu nguvu ya mvuto inakuwa mara 3 ya ile iliyo kwingineko. Ukifanya tundu liwe refu na lenye ncha kali, inaongezeka zaidi. Ufa, kwa hesabu hiyo, ni tundu lenye ncha kali kuliko zote. Kwa hiyo ufa hujisaidia wenyewe: kadiri unavyokua ndivyo unavyopata nguvu ya kukua.

Ukitaka picha ya mtaani, fikiria Mombasa Road. Magari yanatiririka vizuri hadi pale barabara inapobanwa ghafla. Foleni haisambai barabara nzima, inajikusanya hapo hapo mlangoni. Nguvu ndani ya chuma hufanya vivyo hivyo. Inatiririka, na ikikuta umbo limebadilika ghafla, inajazana.

Ribiti ilikuwa na breki zake

Kwa miaka mingi vyuma vikubwa viliunganishwa kwa ribiti. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitufikia katika enzi hiyo. Ukienda Makumbusho ya Reli, Nairobi, angalia injini za mvuke zilivyopangwa vichwa vya mviringo kama vifungo vya koti. Kila bamba lilikuwa bamba lake. Ufa ukianza kwenye bamba moja, ukifika mwisho wake unakuta pengo. Safari imeishia hapo.

Weldi iliondoa pengo hilo. Kazi ya kuunganisha chuma kwa umeme ilianza miaka ya 1880 na akina Nikolay Benardos. Mwaka 1904 Oscar Kjellberg wa Sweden alianzisha kampuni ya ESAB, na rodi zake zilizopakwa dawa kwa nje ndizo mababu wa rodi ambazo fundi wa Gikomba ananunua leo kwa pakiti. Mwaka 1920 Uingereza ikakamilisha Fullagar, meli ya kwanza kubwa iliyounganishwa yote kwa weldi. Chuma kilikuwa chepesi zaidi, kazi ilikwenda haraka, na sauti za nyundo za ribiti zikaanza kupungua.

Lakini sasa chombo kizima kilikuwa kipande kimoja. Na ufa nao ulikuwa na barabara moja isiyo na mwisho.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta haraka. Marekani ilijenga meli za Liberty 2,710. Moja yao, Robert E. Peary, iliunganishwa kwa siku 4 na saa 15 na dakika kadhaa mwezi Novemba 1942. Wengi wa waliokuwa wanachomelea walikuwa wapya kazini, wakiwemo wanawake wengi waliokuwa wameshika rodi kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Usiku wa Januari 16, 1943, meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imetulia gatini Portland, Oregon. Haikuwa Liberty, lakini ilitoka katika mfumo uleule wa kujenga chapchap. Ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza majaribio yake. Hakukuwa na dhoruba wala adui. Ikapasuka kwa kishindo, ufa ukakata sitaha na kushuka kwenye mbavu zote mbili, ncha zote mbili zikaegemea chini, na katikati ikainuka juu ya maji.

Watu walilaumu weldi. Ukweli ulikuwa na sehemu nyingi. Constance Tipper, pia wa Cambridge, alionyesha kwamba chuma cha meli zile kilikuwa kinageuka kuwa kama kioo kwenye baridi. Wachoraji nao walikuwa wameacha kona za mraba kwenye milango ya sitaha. Na mishono mibovu, iliyofanywa mbiombio, ilitoa pale pa kuanzia. Hakuna kimoja kilichotosha peke yake. Vilikutana.

Kiraka cha Melbourne

Mfano wa tatu haukuua mtu, na pengine ndiyo maana hausimuliwi sana. Lakini kwa fundi wa mashine nzito ndio ulio karibu zaidi na kazi yake ya kila siku.

Daraja la King Street, Melbourne, Australia, lilifunguliwa 1961. Asubuhi ya baridi ya Julai 10, 1962, lori lenye mzigo, jumla yake tani 45, lilikuwa linavuka. Sehemu moja ya daraja ikashuka. Kuta za zege zilizokuwa chini zilizuia lisianguke kabisa.

Tume iliyochunguza ilitazama mihimili mikubwa ya chuma iliyobeba daraja. Ili kuongeza nguvu, wajenzi walikuwa wameongeza bamba la pili chini ya mhimili, wakalichomelea pande zote. Mishono mirefu, iliyofuata urefu wa mhimili, haikuwa na neno. Nyufa zilianzia kwenye mishono mifupi iliyokatiza mwishoni mwa bamba lile la ziada. Pale ndipo unene ulipobadilika ghafla. Chuma chenyewe kilikuwa cha aina ngumu kuchomelea. Na nyufa nyingine zilikuwepo tangu mihimili haijatoka karakana. Wakaguzi walipita, mihimili ikapakiwa, daraja likajengwa.

Sasa nenda kwenye karakana yoyote inayotengeneza ekskaveta. Mkono umepasuka. Wanachomelea ufa, kisha wanakata bamba la mraba, wanalilaza juu kama kiraka cha suruali, wanalizungushia weldi pande zote nne. Linaonekana imara kweli. Miezi michache baadaye mkono unapasuka tena, si pale pa zamani, bali sentimita chache pembeni, sambamba kabisa na mwisho wa kiraka. Wanasema mashine hii ina mkosi. Haina mkosi. Ni King Street imehamia Kenya.

Ndiyo maana viraka vya mashine, pale ambapo lazima viwekwe, hukatwa kwa ncha iliyochongoka kama almasi au mkia wa samaki, si mraba. Ncha ile inafanya unene uongezeke kidogo kidogo. Ni maneno ya Rankine ya 1843, yamevaa ovaroli.

Kitu kidogo kwenye bomba kubwa

Turudi Bahari ya Kaskazini. Jukwaa la Alexander L. Kielland lilijengwa Dunkirk, Ufaransa, na kukabidhiwa 1976. Lilichorwa kwa ajili ya kuchimba mafuta, lakini kazi yake ikawa kulaza wafanyakazi, hosteli inayoelea katika eneo la Ekofisk. Nguzo zake tano zilishikiliwa na mabomba makubwa ya chuma. Bomba moja, lililoitwa D-6, lilikuwa na kipenyo cha mita 2.6.

Kwenye D-6 walitoboa tundu, wakapachika kishikizo cha kifaa cha kusikiliza sauti chini ya maji, wakakizungushia mshono wa kona. Kwa macho ya wachoraji, hicho hakikuwa sehemu ya mifupa ya jukwaa. Kilikuwa kama ndoano ya kutundikia kofia ukutani. Hakuna anayepigia hesabu ndoano ya kofia.

Lakini bahari haisomi michoro. Kila wimbi lililopita lilivuta na kuachia D-6, na mvuto huo ulipofika kwenye kishikizo ulikuta umbo limebadilika. Tume ya uchunguzi ya Norway ilikuta kwamba mshono ulikuwa na umbo baya, haukuingia vizuri kwenye chuma, na kwamba nyufa zilianzia hapo. Ufa ukalizunguka bomba, wimbi kwa wimbi, kwa zaidi ya miaka mitatu. Jioni ile D-6 ikakatika. Mihimili mingine mitano ya nguzo ile ikashindwa mmoja baada ya mwingine, nguzo ikang'oka, jukwaa likalala upande. Lilishikiliwa na kamba moja ya nanga kwa takriban dakika 14, kisha likapinduka.

Kulikuwa na makosa mengine. Jukwaa halikuwa na akiba, yaani mhimili mmoja ukiondoka hakuna wa kuushikia zamu. Boti nyingi za kuokolea hazikuweza kujinasua kwenye kamba zake. Mshono haukubeba lawama yote, lakini ndio uliofungua mlango.

Kisha kuna jambo moja dogo katika ripoti ile ambalo mimi nikilifikia husimama. Kwenye uso wa chuma kilichopasuka, ndani ya ufa wa zamani, walikuta rangi. Rangi haiwezi kuingia mahali ambapo hapajafunguka. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo karakana, kabla jukwaa halijaona bahari. Mtu alipita na brashi, akapaka. Huenda hakuuona kabisa. Huenda haikuwa kazi yake kuuona. Rangi ikaingia, ikakauka, ikakaa humo kama shahidi hadi 1980.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo ni kweli. Kwa chuma, neno la kuogopa ni hilo hilo la kuziba.

Umbo la mshono, kwa lugha ya karakana

Mshono mzuri wa kona unafananaje? Fikiria tuta la barabarani. Tuta lililoinuka taratibu gari linapanda na kushuka bila neno. Tuta lililosimama wima linakuvunjia shokabzoba. Mshono bora unalala dhidi ya bamba kwa mteremko laini, uso wake ukiwa bapa au umebonyea kidogo tu. Mshono nono, uliovimba kama andazi, unakutana na bamba kwa pembe kali. Ule uvimbe wa ziada haubebi kitu. Kazi yake pekee ni kutengeneza kona.

Pale mshono unapokutana na bamba, tuite ukingo, ndipo nyufa nyingi huanzia. Kasoro zake zina majina. Andakati ni mfereji mdogo pembeni mwa mshono, pale umeme ulipokula bamba bila rodi kujaza. Ovalapu ni kinyume chake: chuma kimemwagika juu ya bamba bila kushikana nalo, kama uji uliofurika sufuria. Kuna mshono mwembamba mno, ambao koo lake halitoshi kubeba mzigo. Kuna miguu isiyo sawa, mmoja mrefu mmoja mfupi. Na kuna mwanzo na mwisho wa mshono, pale rodi ilipowekwa na kuondolewa, ambapo hubaki kishimo.

Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walifanya jambo la busara. Walikata mishono iliyoonekana safi, wakaitazama kwa hadubini. Ukingoni walikuta chembe za slagi zilizojichoma ndani ya chuma, kina chake sehemu ndogo tu ya milimita. Zinafanya kazi kama nyufa zilizoanza tayari. Hapo ikaeleweka kitu kilichokuwa kimewasumbua wahandisi miaka mingi: ukinunua chuma ghali chenye nguvu maradufu kisha ukakichomelea, uhai wake chini ya mzigo unaorudiarudia hauongezeki. Ubora wa bamba hauokoi ukingo mbaya.

Na ekskaveta ni mashine ya kurudiarudia. Tuseme inachota, inageuka na kumwaga mara 3 kwa dakika. Saa moja ni mara 180. Siku ya saa 8 ni mara 1,440. Siku 300 kwa mwaka ni mara 432,000. Miaka 5, umepita milioni 2. Ndiyo namba ambayo majedwali ya uchovu wa weldi huitumia kama kipimo. Yaani mashine ya mtumba inapofika kwenye machimbo yetu, mara nyingi imeshaishi maisha mazima kwingine.

Kukagua, kisha kurekebisha

Ukaguzi huanza kwa kufua. Grisi, matope na rangi vyote vitoke hadi chuma kiwe uchi. Huwezi kukagua rangi. Kisha tochi, lakini usimulike kutoka juu. Ilaze karibu na bamba, mwanga upite kando, ili kila mfereji na kila uvimbe utupe kivuli. Fundi mwenye jicho hupata nusu ya matatizo hapo, bila kifaa cha bei.

Halafu geji ya mshono, kipande kidogo cha chuma kinachoingia mfukoni. Pima miguu, pima koo, pima uvimbe, pima kina cha andakati. Kanuni za Marekani, AWS D1.1, zinaonyesha jinsi suala hili lilivyo la milimita. Kwenye muundo uliotulia, andakati ya milimita 1 inaweza kuvumilika katika bamba la kawaida. Kwenye kiungo kikuu kinachovutwa tena na tena, mshono ukiwa umekatiza mvuto, kikomo ni milimita 0.25. Hiyo ni kama unene wa karatasi mbili tatu. Mashine za kuchimba ardhi zina kanuni yake pia, AWS D14.3.

Baada ya macho kuna rangi ya kupenya: unapulizia dawa nyekundu, unasubiri iingie, unafuta, unapulizia unga mweupe, na ufa unajiandika wenyewe kwa mstari mwekundu. Au sumaku na unga wa chuma, ambao hujipanga juu ya ufa. Angalia kejeli ya historia: rangi ileile iliyoficha ufa wa Kielland, ikitumiwa na anayetafuta, ndiyo inayoufichua.

Kurekebisha kuna adabu yake. Ovalapu husagwa hadi chuma kisichoshikana kiishe, na kama kilichobaki hakitoshi, ongeza. Uvimbe husagwa hadi mshono uteremke laini kwenye bamba. Mshono mwembamba huongezwa, baada ya kusafishwa na bamba kupashwa joto inavyotakiwa, maana chuma kinene kikichomelewa baridi hugeuka kigumu na kupasuka pembeni. Andakati ndogo husagwa tu na kulainishwa. Ya kina hujazwa kwa mshono mwembamba, nao usagwe. Ukisaga ukingo ili kuuongezea maisha, shuka kama nusu milimita chini ya kasoro inayoonekana, ili uzitoe zile chembe za slagi za 1967. Na mikwaruzo ya mwisho ifuate mwelekeo wa mvuto, isiukatize. Mkwaruzo uliokatiza nao ni kona ndogo.

Ufa haufunikwi. Tafuta ncha zake zote mbili, chimba hadi mizizi, pulizia rangi tena uhakikishe hakuna kilichobaki, ndipo ujaze. Ukimaliza, kagua upya. Ukichomelea juu ya ufa, umeujengea nyumba.

Nani analipa jicho?

Hapa kuna jambo la kwetu la kusema wazi. Jua kali ilikua kwa kazi za jiko, sanduku, geti na dirisha. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, wakaahidiwa vibanda, na serikali ikaanza kuwatazama kama sekta. Ufundi uliokuzwa pale ni wa kweli. Lakini geti halichoki. Linafunguliwa asubuhi, linafungwa jioni, na weldi nono ikilishikilia itakaa miaka 30. Mteja aliyezoea geti amejifunza kununua unene, na fundi amejifunza kumuuzia anachotaka. Mikono ileile ikiitwa kwenye ekskaveta, hakuna aliyemwambia kwamba sheria za mchezo zimebadilika.

Tena bei hazimsaidii. Fundi hulipwa kwa kuchomelea. Nani aliwahi kulipwa kwa kusaga? Saa mbili za kuondoa chuma, kutoka kwa mtu aliyeitwa kuongeza chuma, zinaonekana kama wizi. "Sasa mbona unatoa tena?" Mwenye mashine anahesabu siku ambazo mashine imelala. Opereta anataka malipo yake ya siku. Na chini ya mkono ule, kuna kijana na sururu anayepanga mawe, ambaye hakuulizwa chochote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine za kunyanyua zikaguliwe na mtu aliyehitimu, na ni vizuri iwepo. Lakini karatasi hukaa ofisini, na ufa hukaa kwenye chuma.

Ndiyo maana nadhani historia hii si ya wahandisi peke yao. Versailles, Portland, Melbourne, Ekofisk: kila mahali palikuwa na wataalamu, hesabu na mihuri. Kilichokosekana ni mtu aliyeruhusiwa kusimamisha kazi kwa sababu ya kitu kidogo, na akasikilizwa. Pale Dunkirk, mtu mmoja akisema "hapa bado" mbele ya kishikizo cha kifaa, pengine angepoteza mchana mmoja wa kazi.

Ukikutana na mashine ya mtumba inayouzwa, njano yake inang'aa kama imetoka kiwandani leo, usiulize kwanza ina saa ngapi. Kwaruza rangi kidogo pale mkono unapokutana na mwili. Na ukiwa mwenye mashine, siku fundi wako akizima rodi, akawasha grainda na kuanza kuondoa chuma ulichokwisha kukilipia, mpe muda. Mlipe na saa hizo.